Mzee wa Bafuni

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usihuzunike, hukukosa mengi. Nilikuwa pabaya, na leo niko palepale, ila nimesogea kidogo kuelekea ndani.

Kwa wageni, nieleze harakaharaka. Nyumba tuliyopanga iliuzwa tukiwa ndani yake. Mimi, mke wangu na kinanda changu cha umeme tukahamia kwa mama mkwe. Mke wangu alipokelewa kwa kukumbatiwa. Mimi nilipokelewa. Kinanda hakikupita mlangoni, kwa hiyo dirisha la chumba cha kulia likang'olewa, kikaingizwa kama mwizi, kikakaa palipokuwa na meza, na meza ikapelekwa varandani. Tangu siku hiyo nyumba nzima inakula sahani zikiwa magotini, na kila anayedondosha kitu ananitazama mimi.

Kinanda chenyewe kimenizidi umri. Kina safu mbili za vitufe, kina kanyagio za miguu, na tumboni kina mashine ya midundo. Ukibonyeza rumba inapiga rumba, ukibonyeza chacha inapiga chacha. Ukibonyeza vyote viwili inapiga kitu ambacho hakuna binadamu amewahi kukicheza akabaki na nyonga zake. Katika bendi yetu, mashine hiyo ndiyo pekee inayofika kwa wakati.

Bendi ni mimi, mashine, na Fundi Friji. Fundi Friji hutengeneza mafriji, na akishanawa mikono hupiga gitaa la mawimbi. Ni ule muziki wa zamani wa vijana waliokuwa wakisimama juu ya ubao na kuteleza baharini, gitaa linalia kana kwamba limetumbukia kisimani na limepapenda. Fundi Friji hajui kuogelea. Mimi bahari naijua kwa kalenda.

Pamoja na hayo, tulitoa albamu. Santuri halisi, nyeusi, ya kuzungushwa chini ya sindano, kwa sababu muziki wa namna ile ukiusikiliza kwenye simu ni sawa na kunusa picha ya chakula.

Wiki iliyopita niliishia pale mama mkwe aliposimama mbele ya kinanda changu akiwa na fundi seremala. Seremala alikigonga ubavuni kwa kidole, akatega sikio, akatabasamu kama daktari aliyekuta ugonjwa wenye faida.

"Mama, mbao hii siku hizi haipatikani," alisema. "Hapa unapata kabati la vyombo, la milango miwili, na bado kinabaki kibao cha kukatia vitunguu."

Akakichora vipimo kwa penseli. Juu ya mwili wake. Mimi nikiwa nimesimama hapo.

Mama mkwe akanigeukia na ile sauti ya adabu anayoitumia akitaka kuua.

"Mkwe wangu, mimi sina ugomvi na wewe. Kitu kikiwa na kazi, kitoke asubuhi kiende kazini kama wenzake. Kikikosa kazi mpaka Jumapili, kitakuwa kabati. Kabati lina kazi."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tuendelee.

Jumanne simu ikalia. Alikuwa meneja wa hoteli, ile kubwa yenye mlango wa kujizungusha ambao mimi huwa nauzunguka mara mbili kabla sijatoka upande unaotakiwa.

"Ndugu, ile santuri uliyoiacha mapokezi ni yako?"

Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimeacha santuri kwenye mapokezi ya hoteli zote za mji, saluni mbili na kliniki moja ya meno, na kwingi nilirudishiwa mkononi.

"Acha kuomba radhi, njoo," akasema. "Njoo sasa hivi."

Nilimkuta kwenye ukumbi mpya wa mapumziko, ambao ulikuwa haujafunguliwa. Viti vya chini vya rangi ya machungwa, taa zenye umbo la yai, zulia linalokula viatu. Kwenye kona kulikuwa na jukwaa dogo tupu, na kwa upana wake niliona kabisa kwamba kinanda changu kingekaa pale na kubakiwa na nafasi ya kupumua. Nusura nilie.

"Hoteli zote zinapiga muziki uleule," Meneja alisema. "Mgeni akifumba macho hajui yuko hoteli gani. Mimi nataka akifumba macho ajue yuko hapa. Sikiliza."

Akaweka sindano.

Ndugu msomaji, nilishtuka. Ulikuwa muziki wetu, naam, lakini ulikuwa umekunywa dawa ya usingizi. Rumba inatembea kama mtu aliyeshiba. Gitaa la Fundi Friji, ambalo kawaida hukimbia kana kwamba linafukuzwa, lilikuwa linaogelea taratibu, tena chali. Nikatazama ile mashine ya kuzungushia, nikaelewa.

Santuri kubwa kwa kawaida huzungushwa polepole. Yetu tuliomba ikatwe kwa spidi ya haraka, ile ya santuri ndogo, ili sauti itoke safi zaidi. Jambo hilo huandikwa kwenye karatasi ya duara pale katikati, ili msikilizaji asogeze swichi. Karatasi yetu ilichorwa na Fundi Friji. Mahali pa kuandika spidi yeye alichora jua.

"Namba ilikuwa inaharibu mandhari," aliniambia nilipomuuliza. Wakati huo santuri zote zilikuwa zimeshafika.

Nikataka kunyoosha mkono niisogeze swichi. Meneja akanishika kiwiko.

"Subiri. Huu wa mwisho. Subiri aingie mzee."

"Mzee gani?"

"Shh."

Mzee akaingia.

Ilikuwa sauti nzito, haina maneno, inaimba puani kwa mdomo uliofungwa, inapanda na kushuka nyuma ya gitaa kama mtu anayetembea chumba cha pili. Chini yake maji yalikuwa yanapiga, yanarudi, yanapiga. Meneja alifumba macho.

"Na hiyo bahari!" akanong'ona. "Mlirekodia ufukweni?"

Nikasema hatukwenda mbali.

Ukweli ni huu. Mwangwi wa kisasa unanunuliwa dukani, lakini ule wa zamani hupikwa. Unaweka spika bafuni, unaweka maikrofoni upande wa pili wa bafu hilohilo, unafunga mlango. Kisha mwenzako anapiga gitaa akiwa sebuleni. Sauti inatoka kwenye spika, inagonga vigae, inazunguka, inaingia kwenye maikrofoni ikiwa imelowa. Na bafu la mama mkwe halina mfano. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi vigae, na bafu lake mwenyewe alilibandika vigae kuanzia sakafuni mpaka darini, dari ikiwemo.

"Tunaomba bafu asubuhi moja, Mama," nilimwomba siku ile.

"Wewe na fundi?"

"Ndiyo, Mama. Kwa ajili ya muziki."

"Wote wawili?"

Alikubali kwa kutojibu. Lakini tulipofika wimbo wa mwisho, yeye akachoka kungoja. Akaingia na beseni lake na ndoo, akaipita spika kana kwamba ni kiti, akafungua bomba, akaanza kufua. Mimi nilikuwa sebuleni nimevaa spika za masikioni, na ghafla nikasikia mtu anaimba ndani ya gitaa. Nilimtazama Fundi Friji. Alikuwa anapiga huku machozi yanamtoka, na si mtu wa machozi. Gesi ya mafriji ilishamkausha zamani.

Hatukuufuta wimbo ule. Ulikuwa ndio pekee uliofanana na muziki.

Kumwambia mama mkwe nilikuwa nasubiri siku nzuri. Bado nilikuwa naisubiri.

Sasa sauti ileile, ikizungushwa polepole, ilikuwa imeshuka mpaka kifuani mwa mwanamume.

"Huyu mzee ni nani?" Meneja akauliza.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Niliiona kabisa. Niliipisha ipite.

"Ni mzee wa familia," nikasema.

"Jumamosi nafungua ukumbi. Mje wote. Wewe, kinanda, gitaa, na mzee. Akae hapa mbele, kwenye kiti, amevaa suti, asiseme neno, aimbe hivyohivyo. Wakimpenda, mna kazi hapa kila wiki, na kinanda kinakaa jukwaani, hakuna kubebabeba."

"Na mzee asipoweza kuja?"

Meneja alifikiri kwa heshima.

"Bila mzee," akasema, "hizi ni kelele nzuri tu, ndugu yangu. Kelele nzuri ninazo nyingi."

Nilitoka kwa ule mlango wa kujizungusha nikajikuta ndani tena.

Karakana ya Fundi Friji ni chumba kimoja chenye mafriji yaliyofunguliwa matumbo. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya moja. Nikamweleza yote. Akafuta mikono, akafikiri.

"Kaka, kwani ni lazima awe mzee yule? Mimi naweza kuwa mzee."

"Wewe una sauti ya filimbi."

"Sauti inategemea chumba. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Akang'oa rafu za friji bovu, akaingiza kichwa na mabega, akaimba. Nilisimama nyuma yake nikisikiliza kwa moyo mweupe. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba afunguliwe.

"Vipi?" akauliza akiwa mlemle.

"Toka."

"Nijaribu lile la nyama? Lile lina kina."

"Toka, ndugu yangu."

Akatoka ana barafu kwenye nyusi. Tukakaa juu ya makreti.

"Basi mwombe Mama mwenyewe," akasema.

"Nimwombe nini? Mama yule hata akiniombea dua huniita 'yule'. Nimwendee nimwambie, Mama, nilikurekodi ukifua, sauti yako imekuwa ya kiume, sasa vaa suti ukaimbe hotelini?"

"Ukiliweka hivyo, linatisha."

"Nimeliweka vizuri. Ndivyo lilivyo."

Na halikuwa hilo tu. Katika nyumba ile hakuna anayeimba. Tangu baba mkwe afariki, gramafoni yake, lile sanduku kubwa lenye miguu, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa picha yake. Mke wangu aliwahi kuniambia, siku ya kwanza tu, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni palipo na nyoka: "Ile usiiguse." Mama mkwe mwenyewe husema hana sauti. Husema sauti ya nyumba ilikuwa moja na ilishaondoka.

Hajui kwamba akifua huimba. Nadhani hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia.

Alhamisi nilirudi nyumbani mapema, nimekata shauri. Nilikuwa nakwenda kumpigia Meneja simu na kumwambia mzee amepata safari ya ghafla. Kisha ningekiaga kinanda vizuri, kwa heshima, pengine kwa rumba.

Mlangoni nikakutana na mke wangu anatoka, amevaa sare yake ya uuguzi, anakimbilia zamu.

"Mama ameona picha," akasema.

"Picha gani?"

"Ya kwenye jalada."

Kwenye jalada la albamu yetu Fundi Friji amesimama juu ya ubao wa kutelezea mawimbini, suruali imekunjwa, mikono ameitanua, nyuma yake shuka la bluu. Tatizo ni kwamba ubao ule hatukuwa nao. Ile ni meza ya mama mkwe ya kupigia pasi. Tangu siku ya picha inalegea mguu mmoja, na Mama amekuwa akimtafuta mchawi wake.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, Mama, kabla hujamruhusu seremala, isikilize kwanza. Hata anayehukumiwa huulizwa kama ana neno." Akanifunga kifungo cha shati kilichoachia. "Nimemwacha nayo. Seremala anakuja leo."

"Leo? Si tulisema Jumapili?"

"Jumapili ana kazi ya milango ya kanisa. Nenda, baba, mimi nimechelewa."

Akaondoka. Nikaingia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kitambaa cha kufuma, kimekunjwa vizuri juu ya kiti. Picha ya baba mkwe ilikuwa imelazwa juu yake, imetazama dari. Gramafoni ilikuwa wazi. Taa yake ndogo ya kijani, ambayo sikujua kama ipo, ilikuwa inawaka.

Santuri yetu ilikuwa inazunguka. Polepole. Marehemu hakuwa na santuri ndogo hata moja. Swichi ile sidhani kama iliwahi kuguswa tangu itoke dukani.

Mama mkwe alikuwa ameketi amenipa mgongo. Hakugeuka.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Fundi Friji, Mama," nikasema. "Lakini alivua viatu kwanza."

"Sisemi wa kwenye picha."

Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Nasema anayeimba."

Sauti nzito ilikuwa katikati ya wimbo, inashuka ngazi zake taratibu.

"Mlimpata wapi?" akauliza tena.

"Nani, Mama?"

"Baba yenu."

Nikaitazama picha ya marehemu pale kitini.

"Usidhani nimeanza kuzeeka kichwa," akasema. "Nalijua bafu langu. Hilo ni bafu, sauti inavyozunguka pale juu, alivibandika mwenyewe vigae vile. Na huo ndio wimbo wake wa kunyolea ndevu. Kila asubuhi. Nilimuuliza mara ngapi, mume wangu, huo ni wimbo gani, akasema bado anautunga, ukiisha ataniambia." Akapitisha kiganja kwenye goti, ananyoosha gauni lililokuwa limenyooka. "Kumbe alijirekodi. Mlikuta kanda, siyo? Kwenye yale maboksi ya stoo."

Ndugu msomaji, wiki baada ya wiki nimekueleza jinsi dunia inavyonichapa, na umecheka, na nimekuruhusu ucheke. Lakini kwa mara ya kwanza dunia ilikuwa imenyoosha mkono na ndani yake mna zawadi. Nilichotakiwa kusema ni "ndiyo". Neno moja tu, Mama angepata mume wake, kinanda kingepata maisha yake, na seremala angepewa chai akaenda zake. Kuhusu Jumamosi ningejua mbele ya safari.

Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

"Nyamaza kidogo," akasema Mama. "Hapa. Hapa ndipo alipokuwa anaishia. Ndevu zinakwisha, na wimbo unakwisha."

Tukasikiliza. Sauti ikafika pale, ikasimama, ikavuta pumzi. Kisha ikaendelea.

Ikapanda kidogo, ikageuka, ikashuka mpaka chini kabisa ikatua, vizuri, kama mtu anayeweka ndoo chini bila kumwaga. Wimbo ukawa umeisha. Hata mimi ambaye ni mpiga rumba nililiona hilo.

Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa.

"Aliumaliza," akasema. "Aliumaliza na hakuniambia."

Na hapohapo, ndani ya santuri, mkono wa ndoo ukaanguka: kling. Maji yakamwagika. Halafu, kwa utulivu mkubwa, ikasikika nguo inasuguliwa kwenye kibao.

Mama akainua kichwa.

Nguo ikasuguliwa tena. Ikakamuliwa.

"Baba yenu," akasema taratibu, "alikuwa anafanya nini na ndoo?"

Nikaitazama ile taa ya kijani.

"Miaka yote niliyokaa naye, baba yenu hakuwahi kufua hata leso."

Akageuka akanitazama. Nimetazamwa na mama mkwe mara nyingi, na kila mara nilijua nimekosa nini. Mara hii yeye ndiye aliyekuwa anauliza na mimi ndiye niliyekuwa najua, na sikupenda upande ule hata kidogo.

Nikaenda kwenye gramafoni. Nikainua sindano, nikairudisha mwanzo wa wimbo. Swichi ilikuwa imeganda. Ilibidi niisukume kwa kidole gumba mpaka ikatoa kilio. Santuri ikaongeza mwendo.

Gitaa likaamka, likaanza kukimbia. Mashine ya midundo ikachangamka. Na nyuma yao, kwenye vigae, akaingia mwanamke. Alikuwa anaimba puani, hana habari na mtu, anafua.

Mama mkwe akatega sikio. Sauti ikafika pale pa kuishia ndevu, ikavuta pumzi, ikaendelea mpaka mwisho, ikatua. Ndoo ikasema kling.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi siimbi."

"Ndiyo, Mama."

"Nani alikuambia unirekodi nikifua?"

"Hakuna, Mama. Tulikuwa tunarekodi gitaa. Wewe uliingia na beseni."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Kosa ni la maikrofoni, Mama."

Nikaona ni heri yote yatoke siku moja. Nikamweleza. Jua la Fundi Friji pale palipostahili namba. Meneja na macho yake aliyoyafumba. Mzee wa familia, kiti cha mbele, suti, Jumamosi. Nilieleza nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja sahani na bado ameshika kipande.

"Ulimwambia huyo mtu kwamba mimi ni mzee."

"Nilimwambia mzee wa familia, Mama. Kwa maana fulani..."

"Maana hiyo iache hapohapo."

Nikaiacha.

Mlango ukagongwa. Seremala hana haja ya kujitambulisha. Aligonga kwa ubapa wa msumeno.

Mama mkwe hakuinuka. Alikuwa anaitazama santuri, ambayo ilikuwa imeishia kwenye mstari wa ndani na inajizungusha bure, krr, krr.

"Irudishe," akasema.

Nikanyoosha mkono niitoe niitie kwenye jalada lake.

"Sikusema uitoe. Irudishe polepole. Kama ilivyokuwa."

Nikaisukuma swichi. Nikaweka sindano. Mzee akaingia tena, mzito, hana haraka, ananyoa ndevu zake kwenye vigae vyake. Na nakuapia, hata mimi niliyejua kila kitu, niliyeijua ndoo na nguo na bomba, kwa kitambo nilimsikia yeye, mtu ambaye sikuwahi kumwona ila kwenye picha.

Seremala akagonga tena. Mama mkwe akaacha wimbo ufike mwisho wote, mpaka ndoo. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaenda mlangoni. Nilisikia wakinong'onezana. Nilisikia seremala akisema, "Lakini Mama, gundi nimeshanunua." Nilisikia mlango ukifungwa.

Alirudi akapita moja kwa moja mpaka chumba cha kulia, akasimama mbele ya kinanda. Alama za penseli zilikuwa bado ubavuni. Akazipitishia kidole. Hakuzifuta.

"Nimemwambia arudi Jumatatu," akasema. "Atakuja na msumeno uleule. Ukumbi ukitucheka, mimi nataka kabati langu."

"Ndiyo, Mama. Lakini Mama... ile sauti nzito. Pale jukwaani hakuna swichi. Ukiimba utatoka wewe."

"Hilo unaniuliza mimi? Wewe si ndiye fundi wa mitambo? Tafuta."

Akaenda chumbani kwake. Nilisikia kabati la nguo likifunguliwa, lile la upande wa marehemu, ambalo bawaba zake zimesahau kazi. Alikaa humo muda. Aliporudi alikuwa ameshika koti jeusi la suti kwenye hanga, limefunikwa mfuko wa dobi uliogeuka njano. Akalitundika kwenye ncha ya kinanda changu na kulipangusa kola.

"Suruali utaniangalizia fundi wa kuipunguza," akasema. "Koti liache. Mabega yananitosha."